Theluji ya Kasulu

Nimechoka na theluji. Kila mwaka ukikaribia kwisha, vijana wenzetu wanatuletea hadithi fupi za Krismasi, nyingine zimeandikwa Kasulu na Kibondo kwenyewe, na humo ndani theluji imeanguka mara nyingi kuliko mvua. Mhusika anaamka asubuhi ya tarehe 25, anapuliza viganja, anachungulia dirishani, na huko nje kila kitu cheupe. Mwandishi mwenye haya kidogo haangushi theluji, anavumisha tu "upepo wa majira ya baridi". Desemba! Kasulu! Jamani, aliyewahi kukaa Kasulu mwezi huo anajua kinachoanguka. Ni mvua ya kumwaga, tena na radi, na udongo mwekundu unakushika kiatu mpaka unaamua kukibeba mkononi.

Baridi Buha ipo, wala si ya kuchezea. Ila inakuja Juni na Julai, wakati ukungu unalala mabondeni kule Heru Juu na mtu wa Dar aliyepanda na shati la mikono mifupi anaanza kuulizia koti la kuazima. Hicho ndicho kipupwe. Shida ilianza darasani, pale majira ya baridi ya Wazungu yalipotafsiriwa kwa neno hilo hilo na kalenda ikasahauliwa. Matokeo yake kijana anaandika kwa kujiamini kabisa, "ilikuwa Desemba, msimu wa kipupwe". Kama kuna mtu anataka kweli sikukuu ya majira ya baridi ya Buha, basi ni Saba Saba, na kisa chake kinaanzia Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, TANU ilipozaliwa, si Ncha ya Kaskazini. Hadithi ya mtoto anayetetemeka kwenye gwaride la Saba Saba bado sijaletewa. Naisubiri.

Nisieleweke vibaya. Simo katika kundi linalotaka kila kilichotoka ng'ambo kirudishwe bandarini. Krismasi yote ni ya kuazima, hata huko ilikotoka. Ukitaka kuona namna ngano inavyoazimwa na kushonwa upya, mchukue huyo huyo Baba Krismasi ambaye tunamchora akiwa na ndevu za pamba kwenye kadi za mia tano.

Alianza kama Nikolao, askofu wa Mira, mji ambao magofu yake yako Uturuki ya leo, karne ya 4. Kisa chake maarufu hakina kulungu wala bomba la moshi. Kinamhusu baba fukara mwenye binti watatu ambao hawezi kuwaoza kwa sababu hana mahari ya kuwapa, na bila mahari wataishia kuuzwa. Nikolao anakuja usiku, anatupia mfuko wa dhahabu dirishani, mara moja kwa kila binti. Basi. Msomaji wa Kibondo hapo atasimama kidogo: kwani mahari inatoka upande wa binti? Kwetu mwenye kuhangaika ni upande wa kijana. Swali hilo moja lingetosha kumpa mtu hadithi nzima, mama akimsomea bintiye kisa cha Nikolao na binti akacheka kwamba hao Wazungu wanalipa kinyumenyume. Lakini hadithi hiyo hatuipati, kwa sababu tuliyemwazima si Nikolao wa mahari. Tumemwazima yule mnene wa kwenye chupa ya soda.

Na huyo mnene ni wa juzi. Shairi lililomvalisha manyoya, likampa kulungu wanane na kumshusha kwenye bomba la moshi, lilitoka gazetini huko Troy, jimbo la New York, Desemba 1823. Mwaka 1863, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ikiwa imepamba moto, mchoraji Thomas Nast akamweka katika jarida la Harper's Weekly akiwagawia zawadi wanajeshi wa upande wa Kaskazini. Baba Krismasi wa propaganda, unaona? Na chini ya miaka mia mbili kabla ya shairi lile, pale Massachusetts, kuanzia 1659 mtu akikutwa anasherehekea Krismasi alitozwa faini ya shilingi 5, na sheria hiyo haikufutwa mpaka 1681. Watu wa imani kali waliiona kuwa ni upagani mtupu. Kwa hiyo kijana akiniambia kwamba theluji na yule mzee ndiyo "Krismasi asilia", ninamuuliza: asilia ya mwaka gani?

Wimbo wa "Stille Nacht" nao, ambao makwaya yetu hayawezi kumaliza mkesha bila kuuimba, una ngano yake. Uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 katika kijiji cha Oberndorf, Austria. Padri Joseph Mohr alikuwa na maneno, mwalimu Franz Gruber akatia sauti, na waliuimba kwa gitaa. Baadaye watu wakajiuliza: kwa nini gitaa kanisani? Wakatunga kwamba panya walikuwa wametafuna kinanda. Ushahidi wa panya hao haupo, lakini wamesimuliwa mpaka wamekuwa na uhai. Sehemu ninayoipenda mimi ni nyingine, na watu hawaisimulii. Kanisa lile liliitwa la Mtakatifu Nikolao, msimamizi wa wenye vyombo vya majini, kwa sababu Oberndorf kilikuwa kijiji cha mabaharia wa mtoni waliobeba chumvi katika mto Salzach. Wabeba chumvi! Kijana wa Kasulu anaimba wimbo uliozaliwa miongoni mwa wabeba chumvi, na kusini mwake kidogo tu ipo Uvinza, ambako watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na wapagazi wameitoa pale kwa vichwa na mabega kwenda pande zote. Kazi hiyo ilikuwa ya kiangazi. Mvua zikianza, mto unafurika na chemchemi zinafunikwa, watu wanarudi kwao kulima. Ni mlango mzuri wa kuingilia Desemba, na sisi tunapita dirishani kutafuta kulungu.

Sasa tuje kwenye andiko ambalo kwa maoni yangu kila anayeandika Krismasi ya mkoa wa Kigoma angelisoma kwanza. Halimo katika orodha ya vitabu vya fasihi, na aliyeliandika hakutupenda. Ni Stanley, katika kitabu chake cha 1872 kuhusu namna alivyompata Livingstone. Krismasi ya 1871 iliwakuta wote wawili Ujiji, siku mbili kabla ya kuondoka tarehe 27.

Anasimulia kwamba waliamua kuila sikukuu kama kwao. Vitu vikanunuliwa sokoni: kondoo wa mkia mnono, mbuzi, pombe, maziwa, ndizi, samaki, vitunguu, viazi vitamu. Mpishi ni Ferajji. Halafu, kwa maelezo ya Stanley, Ferajji anaiharibu nyama ya kuchoma, na ile faluda yao ya mayai na maziwa inaungua. Chakula cha Krismasi kimekwisha. Stanley anamtukana mpishi kwenye karatasi, na anasema kilichomwokoa asipigwe ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa dhaifu kwa homa, mkono haukunyanyuka. Na Ferajji? Alicheka. Stanley anaongeza kwamba anaamini mpishi ndiye aliyekuja kuvila baadaye vyakula hivyo vilivyoharibika.

Hebu tusome kama wahakiki. Kwa upande wa fani ni kisa kilichokamilika: kuna maandalizi, kuna anguko, kuna kichekesho. Maudhui ndiyo yanayomponyoka mwandishi. Yeye anadhani ameandika habari ya mpishi mjinga. Alichoandika ni mtu mwenye jina la Kiislamu la pwani, aliyetembea na mizigo kutoka Bagamoyo, anayetakiwa katika mwezi wa mvua, juu ya mafiga, apike faluda ambayo pengine hajawahi kuila, kwa ajili ya sikukuu ambayo yaelekea si yake. Ikiungua, kipigo kinamsubiri. Na anacheka, na anakula! Katika ukurasa ule wote, aliyefanya sherehe ya kweli ni Ferajji. Stanley ameliandika hilo kwa mkono wake mwenyewe na hakuliona.

Kuna na Waha wenyewe humo ndani, nao wamekaa mbali kidogo. Wiki chache kabla, alipokuwa anaelekea Ujiji, Stanley alipita Uha akatozwa hongo ya nguo, akatozwa tena, mwisho akaamua kutoroka usiku porini na msafara wake. Wakati wa kurudi na Livingstone walizunguka kwa mitumbwi kusini, wasikanyage Uha. Kwenye kitabu Waha ni wanyang'anyi. Ukikaa upande wa pili, ni watu wenye nchi wanaomtoza mpita njia ushuru wa kupita, kama serikali yoyote. Kwa hiyo Krismasi ile ya Ujiji ina nyanda za juu nyuma yake, kimya, zenye watu ambao siku ile walikuwa na shughuli zao. Shughuli gani? Hapo ndipo hadithi zetu zilitakiwa ziingie, na hazijaingia.

Desemba Buha ni jembe. Mvua zinaanza karibu na Oktoba. Mahindi yako shambani yakitaka palizi, maharage ya kwanza yanafunga au yanaanza kukauka, na ghala la mwaka jana unaliona sakafu. Watu wanashinda na muhogo. Halafu katikati ya mwezi huo mchovu ndipo inapodondoka sikukuu inayodai wali, nyama, nguo mpya za watoto na soda. Ulaya Krismasi iliangukia wakati mavuno yapo ghalani na ng'ombe wa kuchinjwa wamenona, kazi ya shamba imesimama kwa sababu ardhi imeganda. Kwetu imeangukia wakati ambao mtu analima na tumbo jepesi. Tofauti hiyo si ndogo. Mzazi wa Kitahana anayekopa kilo mbili za mchele tarehe 23, huku akijua Januari kuna madaftari na sare za shule, anabeba mgogoro ambao mwandishi yeyote angeuonea wivu. Na vijana wetu wanauruka wote ili wafike kwenye theluji.

Kabla ya makanisa, upandaji huo ulikuwa na wenyewe. J. H. Scherer, aliyeandika kuhusu Waha katika jarida la Anthropos mwaka 1959, anawaeleza wateko, watu wa koo zilizohesabiwa kuwa ndizo za kwanza kwenye ardhi. Mwami alikuwa na ng'ombe na hukumu. Mteko alikuwa na udongo. Yeye ndiye aliyesimama kati ya watu na nguvu za mahali, yaani za kilima fulani, mto fulani, mti fulani, ili mbegu iote na wadudu wasile shamba. Zingatia hilo neno "mahali". Ngano hizo hazikuelea hewani kama kulungu. Kila moja ilikuwa na anwani.

Sasa fikiria kilichotokea 1972. Operesheni Kigoma. Watu waliokuwa wametawanyika juu ya vilima vyao walikusanywa kwenye vijiji kandokando ya barabara. Kuna waliopata shule na zahanati, hilo sikatai, na kuna waliokuja kusoma kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mzimu wa chemchemi haupakiwi kwenye lori. Bibi aliyejua kisa cha mto fulani alijikuta anakaa mahali ambapo mto huo hauonekani, na mjukuu wake akikua haulizi kwa sababu hakuna cha kumwonyesha kidole. Uchifu wenyewe ulikuwa umeshafutwa kisheria 1963. Tukisema vijana wa Buha "wameacha ngano zao", tuangalie vizuri nani alihama na kwa amri ya nani. Wengine ngano ziliwaacha barabarani.

Ng'ambo ya mpaka, Burundi, kulikuwa na sikukuu kubwa hasa ya majira haya. Umuganuro. Yapata Desemba, mwami alionja mtama mbele ya watu wake, Karyenda, ile ngoma kuu ya ufalme, ikatolewa, na kwa tendo hilo nchi ikaruhusiwa kupanda mtama. Ilikomeshwa mwishoni mwa miaka ya 1920, chini ya Wabelgiji. Rwanda ilikuwa na ndugu yake, Umuganura, nayo Wabelgiji waliipiga mwaka 1925 walipomhamishia Burundi Gashamura, mkuu wa wenye siri za ibada za kifalme. Rwanda wameirudisha karne hii kama sikukuu ya taifa, ila huadhimishwa Agosti. Na hapa kuna jambo tamu: baadhi ya simulizi za Warundi husema Ntare Rushatsi, mwanzilishi wa ufalme wao, alitokea Buha, akapitia milima ya Nkoma. Simulizi nyingine zinamtoa kaskazini, upande wa Rwanda, na wanahistoria wamebishana sana. Kwa mwandishi ubishi huo ni mali. Inawezekana kabisa kuandika Desemba ambayo wazee wa pande mbili za mpaka wanagombania ni nani aliyemfundisha mwenzake kupanda.

Najua hapo nimewafurahisha washikaji fulani. Kuna kundi la pili la miswada, dogo kuliko la theluji lakini linakua, linaloandika "asili". Humo hakuna Krismasi kabisa. Kuna mzee mwenye mvi, moto, ngoma zinarindima, mwezi umejaa, na mzee anasema "zamani za kale wahenga wetu". Huyo mzee hana jina, hana shamba, hadaiwi na mtu. Ninasema wazi kwamba mzee huyu na Baba Krismasi ni mtu mmoja aliyebadili nguo. Wote wawili hutokea bila kazi yoyote, wakatoa zawadi, wakaondoka. Mteko wa kweli alikuwa na mipaka ya ardhi, alipewa chochote kwa huduma yake, na mvua isipokuja alilaumiwa. Mwandishi asiyetaka kumwona mteko akilaumiwa bado anatengeneza kadi ya posta, ila safari hii picha ni ngoma.

Ngoma yenyewe si pambo kwetu. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Burundi, na kabla Krismasi ya mwaka ule haijafika, watu kwa maelfu walikuwa wameshavuka kuingia Kibondo na Kasulu. Oktoba 2015 kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena kupunguza msongamano wa Nyarugusu, mvua zikiwa mlangoni. Wenyewe wa Umuganuro wamekaa jirani yetu, chini ya turubai, Desemba baada ya Desemba, wakisubiri mgao. Wanakijiji wamewauzia mihogo, wamewapa vibarua vya kulima, wamegombana nao kwa kuni. Yule kijana anayeandika kwamba "ngoma za Karyenda zilirindima kwa furaha" hakujiuliza nani anapiga, na kama ana shamba la kupanda huo mtama.

Sasa mtauliza: basi unataka tuandike nini, bwana mkosoaji? Nina dokezo moja, si amri.

Katika ngano za Krismasi kuna mhusika anayejirudia karibu kila mahali: mtu anayetoka mbali usiku akiwa na mzigo. Nikolao na mfuko wake, mamajusi na dhahabu yao, yule mnene na gunia. Buha ina wake. Wakati wa Mwingereza, vijana wa Kasulu na Kibondo waliondoka kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga. Waliitwa manamba, kwa namba walizopewa kama mizigo. Kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya wenye mashamba, SILABU, iliyowatafuta na kuwasafirisha. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: siku 30 za kazi zikitimia ndipo kadi imekwisha na mshahara unalipwa, siku uliyolala na homa haihesabiwi. Kuna waliorudi na sanduku la bati, nguo za Kariakoo, blanketi, Kiswahili kipya na kikohozi. Kuna ambao hawakurudi. Mtoto aliyekaa mlangoni akisubiri sanduku hilo hakuhitaji kuelezwa Baba Krismasi ni nani.

Na mhusika huyo hajafa. Siku hizi anashuka kwenye basi tarehe 22 au 23, begi lina magurudumu ambayo udongo wetu hauyataki. Anafanya kazi Dar. Kazi gani? Haulizwi, na hapo ndipo ngano inapotengenezwa mbele ya macho yetu. Kijiji kizima kimemtungia: ana duka, ana mzungu, ana gari amelipaki kwa rafiki Kigoma mjini. Yeye anajua kwamba begi lote limenunuliwa kwa mkopo wa kijiweni na kwamba godoro lake la Mbagala wanalala watatu. Atazuga mpaka tarehe 2 Januari. Huyu ndiye Baba Krismasi ninayetaka kumsoma, yule anayeogopa kushuka kwenye basi.

Muswada mmoja mwaka huu ulimkaribia. Sitataja mwandishi, ni mchanga na hakuniomba. Kijana anafika kwao jioni ya tarehe 24, begi kichwani kwa sababu ya tope, anamkuta mama yake bado yuko shambani anapalilia kabla mvua haijarudi. Mama hasimami kumkumbatia. Anamwambia, "Umekuja? Jembe la baba yako liko pale kwenye mti." Kijana anavua viatu vya Kariakoo, anaviweka juu ya begi, analima na suruali mpya mpaka giza linaingia. Hawazungumzi kuhusu Dar. Ni kurasa mbili tu, na sijasoma Krismasi ya Kitanzania iliyonishika namna ile.

Ilikuwa na kasoro, naam. Mama anazungumza Kiswahili cha mtangazaji wa redio. Mwanamke wa Kasulu angemsalimu mwanawe kwa Kiha, na mwandishi angeweza kuliacha neno moja la Kiha pale bila tafsiri, msomaji angeelewa kwa jembe. Baba ametajwa mara moja halafu haonekani, na hatuambiwi kama amekufa au yuko klabuni. Mti uliolazwa jembe hauna jina. Kama ni ule wenye maua mekundu unaochanua Desemba, ambao mitaani wanauita mkrismasi, basi mwandishi alikuwa na mti wake wa Krismasi mkononi na hakujua.

Lakini mwandishi alipeleka muswada kwa wenzake maskani, wakamwambia haina shamrashamra. Nakala ya pili iliyonifikia ina kwaya, ina taa za rangi, na kwenye kona ya sebule kuna mti wa plastiki uliotupiwa pamba. Jembe limeondolewa. Mama sasa anasimama, anafungua mikono, na kusema maneno ambayo nimeyasikia kwenye filamu. Nimemwandikia kwamba tutachapa ile ya kwanza kama ataturuhusu, aongeze sentensi moja kuhusu baba, na atuambie ule ni mti gani.